Nani Aliyewalaani? Kuisoma Sura ya Mwisho ya Viumbe Waliolaaniwa

Wanafunzi wenzangu wanapomtaja Frantz Fanon katika insha zao, mara nyingi wanamtaja kwa sura ya kwanza ya kitabu chake, ile ya matumizi ya nguvu. Sura ya mwisho, inayohusu vita vya kikoloni na magonjwa ya akili, hurukwa kama vile ni kiambatisho cha daktari. Naona ni hasara kubwa, hasa kwetu tunaokisoma kitabu hicho kwa Kiswahili katika tafsiri iliyomshirikisha Gabriel Ruhumbika, Viumbe Waliolaaniwa. Katika sura hiyo ndimo Fanon anapoonyesha kwamba kutibu nafsi na kudai haki ni kazi moja. Na ukiisoma sura hiyo vizuri, utaanza kulitilia shaka jina lenyewe la kitabu.

Fanon, mtu mweusi kutoka Martinique, alianza kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Blida-Joinville, Algeria, mwaka 1953. Aliwekewa wodi ya wanawake wa Kizungu na wodi za wanaume Waislamu. Akaanzisha mikutano, sherehe na gazeti la wagonjwa, kama alivyojifunza Ufaransa. Wanawake wa Kizungu wakachangamka. Wanaume Waislamu hawakutikisika. Yeye na mwenzake Jacques Azoulay wakakiri kwa maandishi kwamba kosa halikuwa la wagonjwa: wao madaktari walikuwa wameleta maisha ya Ulaya, kisha wakashangaa kuona Mwaljeria hayaishi. Fanon hakujua Kiarabu, akategemea wakalimani, na akatambua kwamba mkalimani humkumbusha mgonjwa mahakama na ofisi ya serikali. Baadaye ukafunguliwa mkahawa wa kienyeji, sikukuu za Kiislamu zikasherehekewa, na mambo yakaanza kubadilika.

Lakini hata mkahawa haukutosha. Katika sura ninayoizungumzia kuna mkaguzi wa polisi, Mzungu, ambaye kazi yake ni kutesa watu. Akirudi nyumbani anampiga mke wake na watoto wake. Anamwendea daktari kuomba msaada, wala haombi kuacha kutesa. Anataka aendelee na kazi yake bila kusumbuliwa na dhamiri. Sijasoma hoja kali kuliko kisa hiki dhidi ya wanaodhani kwamba utulivu wa moyo ni jambo jema popote ulipo. Mwaka 1956 Fanon aliandika barua ya kujiuzulu. Kumrudisha mtu mwenye akili timamu katika nchi inayomfanya mgeni kwao aliona ni kazi isiyo na maana.

Nitoke Algeria nije kwetu. Mimi ni Mmwani wa Mucojo, wilaya ya Macomia, Cabo Delgado. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilitufikia na sisi, na Januari 2024 waasi waliingia na kukaa Mucojo kwenyewe. Watu wengi walikimbilia Pemba (ya Msumbiji, si ile ya Zanzibar), wengine kwa mashua hadi ufukwe wa Paquitequete. Kwa shangazi yangu walilala watu kumi na saba katika vyumba viwili. Siku moja walikuja washauri wa kutuliza kiwewe. Walizungumza Kireno, kijana mmoja akatafsiri kwa Kimakua, na akina mama wa Kimwani wakatikisa vichwa kwa adabu. Waliambiwa wavute pumzi na wasiyafikirie ya nyuma. Washauri walipoondoka, bibi mmoja akasema kwa utulivu kabisa kwamba sisi watu wa pwani tumelaaniwa, labda tulimkosea Mungu. Wenzake wakaitikia.

Hapo ndipo jina la kitabu lilipoanza kunikera. Kwa Kifaransa, maneno yale ya damnés de la terre yanamkumbusha msomaji mwanzo wa wimbo wa Internationale. Anasikia wafanyakazi wanaoamrishwa wainuke. Masikio ya Mswahili hayana wimbo huo. Kwetu anayelaani ni Mungu au mzazi, na anayelaaniwa ana kosa. Isitoshe, neno "viumbe" limeifuta ardhi iliyomo katika jina la asili, wakati Fanon anasema kwamba kwa aliyetawaliwa ardhi ndiyo thamani ya kwanza, kwa kuwa huleta mkate na heshima. Mkoa wangu una gesi Afungi na rubi Montepuez. Neno ardhi lisingekuwa pambo.

Kujihesabu mkosefu hakukuanza na vita hivi. Hadi 1961 sheria ya Wareno iliwagawa watu wa Msumbiji kuwa raia na "wenyeji". Mweusi aliyetaka kuwa asimilado ilimpasa athibitishe kwamba anazungumza Kireno na anaishi Kizungu. Watu wa pwani ile walikuwa wakiandikiana barua kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, wakiwaandikia hata Wareno wenyewe katika karne ya 19, lakini mbele ya sheria hiyo hawakujua kusoma.

Hata hivyo si kila kinyago tulivishwa na Mreno. Sisi wa pwani tuna uungwana wetu. Nimewasikia wazee wakimpima mchumba kwa rangi na kwa nasaba, wakinong'ona kwamba bibi yake alikuwa mtumwa kutoka bara. Katika nyumba ile ile ya Pemba kulikuwa na waliokataa kula sahani moja na familia ya kutoka bara, na wote walikimbia risasi zilezile. Ushauri nasaha wa kweli ungelitaja na hilo, kwa Kimwani, bila mkalimani.

Kwa hiyo, kama toleo jipya la tafsiri litatoka, ningependa jina lianze na Waliodhulumiwa. Mwalimu wangu wa tafsiri anasema neno hilo limechujuka kwa hotuba za wanasiasa. Huenda. Lakini mwambie mtoto wa chuo cha Kurani kule kwetu kwamba fulani amelaaniwa, naye atauliza amefanya nini. Mwambie amedhulumiwa, atauliza na nani.