Mgeni Aitwe Nani? Vitabu vya Watalii na Lugha ya Vietnam

Mgeni ni kuku mweupe, walisema wahenga: popote apitapo huonekana. Kitabu cha mwongozo wa watalii huandikwa ili kumpunguzia kuku huyo weupe wake. Humfundisha avae nini, alipe kiasi gani, aamkie vipi, na mambo gani ayaepuke asije akawaudhi wenyeji. Ni utanzu wa uandishi unaosomwa na watu wengi kuliko diwani yoyote ile, lakini aghalabu hauhakikiwi. Huachiwa wauza tikiti na wenye mahoteli. Jambo hilo si la haki. Watu wengi mno huijua nchi ya wenzao kwa mara ya kwanza kupitia kurasa za vitabu hivyo, na wengi wao hawataisoma tena kwa njia nyingine. Kitabu kinachosomwa hivyo kinastahili kupimwa kwa mizani ile ile inayopimiwa tafsiri, kwani nacho hudai kuwafasiri watu kwa watu wengine.

Vietnam ni mfano mwema wa kupimia. Nchi hiyo ilianza kufungua milango yake baada ya mageuzi ya uchumi yaliyopitishwa mwaka 1986, yanayojulikana kwa jina la Đổi Mới. Marekani iliondoa vikwazo vyake vya biashara mwaka 1994, na mwaka uliofuata nchi mbili hizo zikaanzisha uhusiano wa kibalozi. Kufikia mwaka 2019 wageni kutoka nje walikuwa wamefika kiasi cha milioni 18 kwa mwaka mmoja. Tangu Agosti 2023, raia wa nchi yoyote anaweza kuomba viza ya siku 90 kwa njia ya mtandao, hata akiwa Unguja au Mombasa. Kwa kila hatua ya kufunguka huko vitabu vya miongozo viliongezeka, na vingi vyao, vilivyoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, vina umbo moja: sura ya usafiri, sura ya fedha, sura ya chakula, sura ya vita, na kurasa chache zenye anwani ya “mila na adabu”.

Kwanza sifa zitolewe zinapostahili. Mahali ambapo waandishi hawa hufaulu kuliko pote ni katika shauri la kuvuka barabara za Hanoi na Jiji la Ho Chi Minh, ambako pikipiki humiminika kama maji ya mto na mara nyingi hazimsimamii mtembea kwa miguu. Humwambia mgeni: shuka polepole, shika mwendo mmoja, usikimbie, usisite, wala usirudi nyuma. Shauri hili lina thamani kwa sababu linaeleza na sababu yake. Mwendesha pikipiki amekwisha kumwona huyo anayevuka, amekwisha kukisia atakuwa wapi baada ya nukta mbili, na amechagua upande wa kumpitia. Anayesimama ghafula huvunja hesabu hiyo. Kwa mistari mitatu tu mgeni amefunzwa kanuni, naye akiifahamu anaweza kuitumia katika kila njia panda. Vivyo hivyo katika fedha: huonywa kuwa noti ya dong 20,000 na ile ya dong 500,000 zote zina rangi ya samawati, na kwamba azihesabu sifuri kabla ya kulipa. Huo ni ushauri wa mtu aliyetazama kwa macho yake.

Lakini zinapofika kurasa za adabu, hekima hiyo hutoweka. Kanuni hugeuka orodha ya miiko: vua viatu mlangoni, pokea kitu kwa mikono miwili, usisimike vijiti vya kulia wima katika bakuli la wali, usiende nyumbani kwa mtu asubuhi ya kwanza ya Tết, yaani mwaka mpya, ila umealikwa, usichukie ukiulizwa umri wako. Kila mwiko umesimama peke yake kama nguzo isiyobeba paa. Msomaji huuhifadhi kama anavyohifadhi nambari ya chumba cha hoteli, na akisharudi kwao huusahau.

Na hali kila mwiko una shina lake. Vijiti vilivyosimama wima katika wali hufanana na udi uwashwao mbele ya madhabahu ya wahenga, na bakuli la wali lenye vijiti vilivyosimikwa ni chakula apewacho maiti. Anayefanya hivyo mezani hawakosei heshima wapishi tu, bali huwaandalia walio hai karamu ya wafu. Asubuhi ya Tết nayo ina jambo lake: mtu wa kwanza kuingia nyumbani baada ya mwaka kugeuka huaminika kuwa ndiye aletaye bahari ya heri au ya shari ya mwaka mzima, na familia nyingi humchagua kabisa mtu huyo, wakitazama umri wake na tabia yake. Mgeni anayebisha hodi kwa nia njema huenda akawa ameipora nafasi ya mtu aliyekwisha kuchaguliwa. Maelezo haya hayazidi sentensi mbili kila moja. Kuyaacha ni kuamua kwamba msomaji anatosha kutii tu, hana haja ya kuelewa.

Kasoro kubwa zaidi imejificha katika mwiko wa mwisho, ule wa umri. Vitabu hulitaja swali hilo kama kioja cha wenyeji: watakuuliza una miaka mingapi, wavumilie, hawana nia mbaya. Hapo ndipo mwandishi anapoukaribia mlango wa utamaduni mzima, akaupita bila kuufungua. Mvietnam humuuliza mgeni umri wake kwa sababu bila ya kuujua, au angalau kuukisia, hana neno zuri la kusemea naye.

Katika mazungumzo ya kila siku ya Kivietnam, maneno yanayofanya kazi ya “mimi” na “wewe” mara nyingi ni majina ya ujamaa. Mwanamke mmoja anaposema na mwanamume aliyemzidi umri kidogo hujiita em, mdogo, na kumwita anh, kaka. Akigeuka kusema na mtoto wa jirani hujiita cô, shangazi. Mbele ya wazazi wake ni con, mwana. Akizeeka akawa na wajukuu, “mimi” yake huwa bà, bibi. Kila anapofungua kinywa anatangaza mahali pake na mahali pa mwenzake katika ukoo mmoja mkubwa unaowachukua hata wasio wa damu. Asiyejua umri wa mwenzake ni kama mshairi aliyepewa kalamu bila kuambiwa bahari wala mizani.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kusukumwa sana kulifahamu jambo hili. Anajua kwamba mzee haanziwi kwa “hujambo” kabla ya shikamoo, na kwamba mwanamke wa makamo asiyejulikana jina huitwa bibi, mama au shangazi kwa kukadiria. Anajua pia “Jambo!” ni neno gani: ni salamu ya watalii, isiyo na nafsi wala jibu maalumu, ambayo wenyeji wenyewe hawaamkiani kwayo. Basi xin chào, neno la kwanza katika kila orodha ya msamiati wa Kivietnam, liko karibu sana na “jambo” hilo. Si kosa, na hutumika mahali pa rasmi na kwa wageni. Lakini jirani hamwambii jirani yake xin chào. Humwamkia kwa neno chào likifuatwa na cheo cha ujamaa cha yule anayeamkiwa, na mdogo hutanguliza cheo chake mwenyewe. Kitabu kinachomfundisha mgeni xin chào bila kumwambia hayo kimempa salamu ya kubakia nje ya uwanja.

Udhaifu huu wa vitabu una chanzo cha lugha pia. Kiingereza kina neno moja kwa ndugu wa kiume wa baba na wa mama, awe mkubwa au mdogo. Ndiyo maana Ho Chi Minh, ambaye watu wake humwita Bác Hồ, amejulikana duniani kwa jina la Kiingereza ambalo, likiletwa kwa Kiswahili kwa pupa, lingemfanya “Mjomba Ho”. Hilo lingekuwa kosa la nasaba. Mjomba kwa Kivietnam ni cậu, ndugu wa mama. Baba mdogo ni chú. Bác ni mkubwa wa baba; matumizi yake hupanuka na kutofautiana baina ya Kaskazini na Kusini, lakini kiini chake ni ukubwa wa kuzaliwa. Kwa Kiswahili, basi, huyo ni Baba Mkubwa. Tafsiri hii inabadilisha maana ya mengi. Mshairi Tố Hữu alipoandika maombolezo yake “Bác ơi” mwaka 1969, hakumlilia rais kwa cheo chake cha dola. Alimwita kwa jina ambalo baba wa kila nyumba huwajibika kulisikiliza.

Hata kanuni za kaburi lake la Hanoi, ambazo vitabu huziorodhesha kwa ukali wa askari, zingesomeka vingine: funika mabega na magoti, nyamaza, toa mikono mifukoni, usipige picha. Zipo amri za serikali humo, wala hakuna haja ya kuzificha. Marehemu mwenyewe aliandika katika wasia wake kwamba mwili wake uchomwe. Lakini bibi wa kijijini anayepanga foleni pale asubuhi haendi kutii amri tu. Anaingia kwa mkubwa wa ukoo.

Itasemwa kwamba msafiri ana siku kumi, hakuja kusoma sarufi. Itasemwa pia kwamba ukoo huu wa maneno una uzito wake kwa wadogo na kwa wanawake, na kwamba muuza matunda anayemwita mtalii “kaka” huenda anamtafutia bei tu. Hoja zote mbili ni za kweli. Ya pili imekwisha kujibiwa na Wavietnam wenyewe, tena kwa ushairi. Neno tôi, ambalo leo ni “mimi” isiyoelemea upande, asili yake ni mtumishi, mtu wa chini ya bwana wake. Katika miaka ya 1930 washairi wa mkondo ulioitwa Thơ Mới, yaani ushairi mpya, walilichukua neno hilo na kulifanya sauti ya mtu mmoja mmoja, asiyejificha nyuma ya ukoo. Mhakiki Hoài Thanh, katika mkusanyiko Thi nhân Việt Nam uliotoka mwaka 1942, aliona tofauti ya zama hizo mbili katika neno hilo hilo: wakale walisema ta, yenye sauti ya wengi, na wapya wakasema tôi. Mgogoro wa mapokeo na usasa ulipiganiwa, kwa sehemu, juu ya neno “mimi”. Wasomaji waliofuatilia mjadala wa vina na mizani katika Kiswahili watautambua mara moja ugomvi wa namna hiyo.

Wala vyeo vya ujamaa havikufa baada ya hapo. Xuân Quỳnh, mshairi aliyezaliwa mwaka 1942, aliandika shairi “Sóng”, yaani mawimbi, mwaka 1967. Anayesema humo hujiita em. Kwa neno hilo moja msomaji amejua kwamba ni mwanamke, na kwamba anamsemesha mpenzi wake. Hapa Kiswahili nacho kinakwama. “Mimi” haina jinsia, na mpenzi akiitwa “kaka” shairi litaharibika. Mfasiri analazimika kutafuta njia nyingine, na kukwama kwake kunampa heshima zaidi kwa lugha hiyo kuliko sifa zote za mandhari ya Ghuba ya Hạ Long.

Ushairi wenyewe haumo katika vitabu vya watalii ila kwa kutajwa jina. Truyện Kiều ya Nguyễn Du, aliyeishi kati ya 1765 na 1820, ina mistari 3,254 katika bahari ya lục bát: mstari wa silabi 6 hufuatwa na wa silabi 8, na kina cha mwisho wa mmoja hudakwa katikati ya unaofuata. Yako mengi humo ambayo wafugaji wa vina vya kati wangeyafurahia. Na kazi hiyo haikubaki kwa wasomi: watu huifungua mahali popote ili watazamie bahati yao kwa beti zitakazoangukia. Mgeni anayeambiwa habari hiyo ameambiwa juu ya Vietnam jambo kubwa kuliko bei ya teksi, na habari yenyewe haichukui nafasi kubwa.

Kuhusu ufupi wa safari, ukurasa mmoja unatosha. Badala ya miiko kumi, kitabu kingempa mgeni maneno sita: ông na bà kwa wazee, bác kwa rika la wakubwa wa wazazi wake, anh na chị kwa wakubwa wake yeye, em kwa wadogo. Kingemwambia kwamba akiulizwa umri ataje bila kinyongo, kisha naye aulize. Kingemweleza kwamba katika familia nyingi za Kaskazini mdogo huwakaribisha wakubwa kula, mmoja mmoja kwa cheo chake, kabla ya kushika vijiti vyake. Na kwamba mgeni akisubiri karibu hizo ziishe, kisha naye akamkaribisha mkubwa wa meza kwa cheo chake, atakuwa amefanya adabu ambayo hakuna mwiko ungeweza kumfundisha. Atakosea sauti, kwani Kivietnam cha Hanoi kina toni sita, na watu watacheka. Lakini watakuwa wanamcheka mdogo wao.