Sikujua na Waliomsahau

Katika tasnifu za ushairi wa Kimvita, aghalabu mwanafunzi hunukuu beti za Muyaka bin Haji, akaandika kando yake "Hichens 1940", kisha akapita. Wizi hapana, maana chanzo kimetajwa. Haki, hata hivyo, haijatimia.

William Hichens ndiye aliyeihariri Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940, karne moja hivi baada ya malenga mwenyewe kufariki. Baina ya hao wawili yupo Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyezikusanya beti hizo katika karne ya 19 na kuziandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. (Jina lake limekuwa kama udhuru wa wanaomsahau!) Pasipo kalamu yake, mengi katika mashairi yale yangalizikwa pamoja na wazee waliokuwa wakiyahifadhi kwa moyo.

Wala si suala la heshima peke yake. Hati za Kiarabu zina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. E na i huweza kuandikwa kwa alama moja, na o na u vivyo hivyo. Anayezihamishia beti katika hati za Kirumi hana budi kuchagua, na kila achaguapo huwa amefasiri. Basi mwanafunzi anayesimamisha hoja nzima juu ya neno moja la kitabuni, huenda ameisimamisha juu ya sikio la mhariri, si juu ya ulimi wa Muyaka. Kuiweka diwani ya Hichens ubavuni mwa kitabu cha Mohamed H. Abdulaziz cha mwaka 1979 ni kazi ya alasiri moja tu, nayo yatosha kuamsha maswali.

Vyanzo havikufichwa. Miswada ya Taylor na Hichens imo katika maktaba ya SOAS, London. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina yake ya miswada ya Kiswahili, ambayo orodha yake, kazi ya J. W. T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970. Lawama kubwa ni ya wasimamizi, wanaosahihisha nukta na mkato wa marejeleo bila ya kuuliza ubeti umepitia mikono ya nani. Muyaka alitunga, Sikujua akakusanya, Hichens akahariri: haya yote yaenea katika mstari mmoja.