Atomi Moja au Mojamoja? Uhakiki wa Istilahi ya Kemia

Katika toleo hili tunahakiki istilahi inayomjia upesi mtu anayefasiri kutoka Kiingereza: "kichocheo cha atomi moja". Inahusu jitihada za wanasayansi kupata haidrojeni kutoka kwenye maji kwa kutumia mwanga wa jua. Maoni yetu ni kwamba istilahi hiyo haifai, na kwamba Kiswahili kinayo iliyo bora.

Pengine msomaji atauliza: mwalimu wa Kiswahili anatafuta nini katika kemia? Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kufundishwa kwa lazima shuleni. Kule Buhehe, wilayani Busia, kijana hukijua kwanza Kiswahili kuwa lugha ya mpakani na sokoni, ilhali kemia huisoma kwa Kiingereza. Akikiona Kiswahili kinababaika mbele ya kemia, ataamini kuwa kazi yake ni kupatania bei tu.

Tuanze na jambo lenyewe. Madini kama platini husaidia sana kutoa haidrojeni, lakini ni ghali. Katika punje ya platini atomi nyingi zimefichika ndani, hazifanyi kazi. Mwaka 2011 watafiti nchini China na wenzao walieleza jinsi walivyotawanya atomi za platini juu ya oksidi ya chuma, kila moja ikikaa peke yake. Tangu hapo mbinu hiyo imehamia kwenye maada zenye vitundu vidogo mno, mfano wa sega la nyuki. Gramu moja ya baadhi ya maada hizo ina eneo la ndani linalozidi meta mraba 1,000. Waasisi wa kundi moja la maada hizo, Kitagawa, Robson na Yaghi, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2025.

Sasa turudi kwenye istilahi. "Kichocheo cha atomi moja" humwambia mwanafunzi kuwa kichocheo kizima ni atomi moja tu. Sivyo. Atomi ni nyingi zisizohesabika, ila kila moja imesimama mbali na mwenzake. Kiswahili kina njia ya kulisema hili: uradidi. "Waliingia mmoja" na "waliingia mmojammoja" si sentensi zenye maana moja. Basi na tuseme "kichocheo cha atomi mojamoja". Kwa silabi chache tu, istilahi inaeleza jambo ambalo Kiingereza huliacha lifafanuliwe baadaye. Wala watu wa Busia si wageni wa uradidi. Neno "bodaboda", ambalo wengi husema lilizaliwa mpakani hapo, limeenea Afrika Mashariki nzima bila kamati yoyote.

Neno "kichocheo" nalo lina kasoro. Kuchochea moto ni kusukuma kuni ndani ili uwake zaidi. Kuchochea ugomvi ni kuuzidisha. Hivyo mwanafunzi hudhani kichocheo huongeza nishati. Kwa kweli hupunguza kizuizi tu, na chenyewe hakiliwi na mmenyuko. Hapa kosa ni kubwa zaidi, kwa kuwa nishati inatoka kwenye jua: mwanga huamsha elektroni, nazo hufika kwenye atomi za madini, ambako haidrojeni huundwa. Kichocheo kisipewe sifa ya jua.

Hatupendekezi neno hilo lifutwe, limekwisha kuzoeleka. Tunapendekeza lifundishwe kwa mfano wa mshenga. Mshenga huzikutanisha pande mbili zilizoshindwa kukutana, ndoa ikafungwa, naye akaenda nyumba nyingine na kazi ileile. Wajapani waliliona hilo: neno lao "shokubai" huandikwa kwa alama mbili, na ya pili hubeba pia maana ya mpatanishi wa ndoa.

Tunawaomba walimu wasiishie kuuliza kama istilahi imo kamusini. Waulize pia mwanafunzi ataelewa nini akiisikia mara ya kwanza, kabla hajaelezwa. Istilahi inayohitaji kukanushwa kila inapotajwa ni mzigo kwa mwalimu na kwa lugha.