Sekunde 27.3
Saa 12:30 asubuhi, mashine za kukoboa kahawa pale Moshi bado hazijaanza kuunguruma. Dada anayepima hewa ameinama mbele ya bomba la kioo lenye mistari ya ujazo. Kwanza analowesha kuta zake kwa maji ya sabuni, maana utando wa sabuni ukikutana na kioo kikavu hupasuka njiani. Kisha anagusisha mdomo wa bomba kwenye povu. Utando mmoja unanasa, unapanda taratibu, ukivutwa na pampu ndogo. Ukivuka sifuri, anabonyeza saa. Ukivuka lita 1, anabonyeza tena. Sekunde 27.3, yaani lita 2.2 kwa dakika. Anarudia mara ya pili na ya tatu, ingawa mimi niliridhika na ile ya kwanza.

Kifaa anachotaka kukihakiki, kipima vumbi cha mkononi, kiko mezani kinasubiri. Kinafanya kazi kwa mwanga: chembe zinapita mbele ya leza, mwanga unatawanyika, nacho kinakisia uzito wa chembe hizo. Vifaa vya aina hii kwa kawaida hugezwa kiwandani kwa vumbi la jangwa la Arizona, Marekani. Vumbi la maganda ya kahawa ni jingine kabisa, kwa umbo, rangi na uzito, na hutawanya mwanga kwa namna yake. Ndiyo maana anakilinganisha na filta inayopimwa uzito kwenye mizani.

Anakivisha filta safi mpaka kisome sifuri. Halafu anakisimamisha bega kwa bega na pampu, vivute hewa ileile. Pampu inapitisha hewa kwenye saikloni, ambayo huizungusha ili chembe kubwa zidondoke, na zile laini zinazofika ndani kabisa ya mapafu zitue kwenye filta. Pampu ikilegea, chembe kubwa nazo hupenya, na kipimo kizima kinapotoka. Sasa naelewa kwa nini alihesabu mara tatu.

Tuseme baada ya dakika 400 filta imeongezeka uzito kwa miligramu 0.66. Hewa iliyopita ni mita za ujazo 0.88, hivyo vumbi ni miligramu 0.75 kwa kila mita ya ujazo. Kifaa kikiwa kimesema 0.50, basi kwa vumbi hili kila namba yake izidishwe kwa 1.5. Mfanyakazi anayepumua hewa hiyo anastahili namba hiyo iliyorekebishwa.

Kinachonivutia zaidi ni filta moja isiyovuta hewa hata kidogo. Inapimwa uzito, inasafiri, inafunguliwa na kufungwa kama wenzake, inarudi maabara. Ikiongezeka uzito, ongezeko hilo limetokana na safari na mikono, nalo hutolewa kwenye hesabu.

Jioni analowesha tena kioo. Utando unapanda. Sekunde 27.9, tofauti haifiki hata asilimia 3, naye anakubali hadi 5. Anaandika, anaziba filta, anaipakata wima njia nzima.