Skrini Mpya, Herufi Zenye Ukungu

Herufi iliyonipeleka mtaa wa Mulongwe ilikuwa é. Mama mmoja anayechapa barua kwenye kibanda ambacho ubao wake umeandikwa Secrétariat Public alikuwa amenunua skrini mpya Bujumbura, akaivusha mpakani Kavimvira ikiwa bado kwenye katoni. Siku ya tatu mteja akamrudishia cheti: penye neno né palichapwa nè. Mwaka huo wa 2023 kazi zake nyingi zilikuwa vyeti, na huyo hakuwa mteja wa mwisho kurudi. Kwenye barua za Kiswahili hakuna aliyelalamika, maana Kiswahili hakivai alama juu ya vokali. Lakini maombi ya kazi, vyeti na hati za viwanja huku kwetu huandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa kinategemea vijistari vyenye upana wa nukta moja au mbili za skrini.

"Yaya, ni macho yangu iko inachoka, ao ni hii ekra?" aliniuliza.

Fundi wa kwanza alikuwa amekwisha kupita. Alishauri mashine iformatiwe, dawa ambayo mafundi wetu huitoa kwa kila ugonjwa, kuanzia virusi hadi kibodi iliyomwagikiwa chai. Mama alikataa, akajiokoa yeye mwenyewe na faili zake. Basi fundi akaingia kwenye menyu ya skrini na kupandisha Netteté, yaani ukali wa picha, hadi 100. Hapo ndipo alipoharibu. Kipimo hicho hakirudishi nukta iliyopotea. Huchukua ukingo wa kila herufi na kuuongezea weupe upande huu na weusi upande ule ili jicho lidanganyike. Nilipofika, herufi zilikuwa na ukungu uleule, na juu yake zimevaa kanzu nyeupe. Nikakirudisha 50, pale kiwanda kilipokiweka.

Wakati wa kiangazi, moshi wa nyasi zinazochomwa ukitanda juu ya ziwa, mtu aliyesimama bandarini Kalundu haioni vizuri Bujumbura. Hasemi kwamba mji umefifia; anajua shida iko katikati. Kwa skrini tunasahau. Ndani ya kompyuta herufi ni namba tupu, na namba haina ukungu. Kutoka hapo picha hupitia programu, kisha Windows, kisha kadi ya picha, kisha kebo, kisha saketi iliyo ndani ya skrini yenyewe, ndipo ifike kwenye nukta za kioo. Swali langu lilikuwa moja: ni nani kati ya hao aliyeihesabu upya?

Nilianza na jaribio lisilogharimu kitu. Nilibonyeza kitufe cha Impr écran, nikaihifadhi picha ya ukurasa wa cheti, nikaituma kwenye simu na kuikuza. Angalia, simaanishi kuipiga skrini picha kwa kamera ya simu, maana hapo utakuwa umeongeza ukungu wa mkono wako. Picha ya Impr écran hunaswa ndani ya mashine, kabla haijaingia kwenye kebo. Kwenye simu, é na è zilionekana wazi, kila moja na mshazari wake. Kwa hiyo Word haikuwa na kosa, wala fonti, wala Windows. Kuformati kungekuwa kumchinja kuku asiyeumwa.

Kisha nikafungua menyu ya skrini yenyewe, ile inayotokea ukibonyeza vitufe vya pembeni. Maandishi ya menyu hiyo huchorwa na skrini, hayatoki kwenye kompyuta. Yalikuwa makali kama yamekatwa kwa wembe. Basi kioo nacho kilikuwa kizima. Na ukurasa wa mwisho wa menyu, ule wa taarifa ambao hakuna mtu anayeufungua, uliandika ishara inayopokelewa: 1366 × 768. Kwenye katoni iliandikwa 1920 × 1080.

Televisheni za zamani zenye mgongo hazikuwa na idadi maalumu ya nukta. Ziliweza kutanua au kubana picha bila kulalamika sana. Skrini bapa ina nukta zilizopangwa kiwandani, na ya mama huyu ina 2,073,600, si moja zaidi. Ukiipelekea picha yenye nukta 1366 kwa kila mstari, itabidi izigawe kwa nafasi 1920. Chukua mafungu 1366 ya ndagala pale ufukweni, uambiwe uwagawie watu 1920 sawasawa. Hakuna atakayeondoka na fungu zima. Kila mmoja atapata kama asilimia 71 ya fungu, na wengi watapewa kidogo kutoka fungu hili na kidogo kutoka la jirani. Skrini hufanya hivyohivyo kwa rangi. Mstari mweusi uliokuwa na upana wa nukta moja sasa unatakiwa kuwa na upana wa nukta 1.4, ile 0.4 haiwezi kuwa nyeusi wala nyeupe, inakuwa kijivu. Kwenye picha ya harusi hutaona lolote. Kwenye mshazari wa é, kijivu kile humeza mwelekeo wote.

Kwa nini kompyuta ilituma 1366? Kwa sababu ilikuwa ya mapajani, kioo chake cha inchi 15.6 kina nukta hizo, na aliyeunganisha aliiacha kwenye hali ya Dupliquer, yaani vioo viwili vinaonyesha kitu kimoja. Vikitakiwa kuonyesha kitu kimoja, kikubwa hushushwa kwa kipimo cha kidogo. Nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, nikachagua Deuxième écran uniquement, kisha nikaingia kwenye Affichage na kuchagua kipimo kilichoandikwa Recommandé kando yake. Ukurasa ukatulia. Mama akavuta kiti.

Laiti ingeishia hapo. Theluthi ya kulia ya skrini ilibaki na mapande ya wima ambamo m na n zilitetemeka kidogo. Hapo nikatazama kebo: ile yenye kichwa cha buluu, VGA, iliyotoka ndani ya katoni. Skrini nyingi za bei nafuu bado huja na kebo hiyo, na mimi naiona kama dhuluma ndogo kwa mnunuzi. IBM iliileta VGA mwaka 1987, zama za skrini zenye mgongo. Kompyuta hugeuza kila nukta kuwa kiasi fulani cha umeme, umeme unasafiri kwenye waya, na skrini bapa inalazimika kuupima upya ili ipate namba. Kwa 1920 × 1080 inayobadilishwa mara 60 kwa sekunde, hizo ni nukta zaidi ya milioni 124 zinazoonekana, na kila moja inatakiwa ipimwe katikati yake. Skrini ikipima mapema au ikichelewa kidogo tu, itanasa nusu ya nukta hii na nusu ya inayofuata. Ikiwa hesabu yake ya nukta kwa mstari imekosewa, kosa hukua na kupungua kadiri mstari unavyosonga, na ndiyo sababu ukungu ulikaa kwa mapande, si ukurasa mzima.

Skrini zenye VGA huwa na kitufe au agizo la Auto la kutafuta kipimo hicho. Wengi hulitumia vibaya. Hulibonyeza huku skrini ikionyesha picha ya ukutani yenye giza, na skrini haina ukingo wowote wa kupimia. Nilifungua ukurasa mweupe uliojaa maandishi madogo, nikautanua mpaka pembe zote nne, ndipo nikabonyeza. Picha ilisogea kushoto, ikarudi, mapande yakatoweka.

Saa kumi umeme wa SNEL ulikatika, jenereta ya jirani ikawashwa, na mawimbi hafifu yakaanza kupanda polepole kwenye skrini. Nilichomoa chaja ili kompyuta ibaki kwenye betri, yakakoma. Waya wa VGA hubeba kila kinachoingia humo, pamoja na uchafu wa umeme usio na waya wa ardhini. Nikamwambia mama hii kebo haitamfaa. Alimtuma mwanawe nyumbani, akarudi na kebo ya HDMI ya dekoda. HDMI, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 2002, husafirisha namba zenyewe, hivyo hakuna tena kupima wala kubahatisha. Tangu ilipochomekwa, kitufe cha Auto hakina kazi.

Likabaki jambo moja dogo: programu yake ya zamani ya kutengenezea kadi, ambayo peke yake ilionekana kama imefunikwa kwa nailoni. Hapa jaribio la picha ya skrini lilitoa jibu la kinyume: hata kwenye simu ilikuwa na ukungu, kwa hiyo kosa lilikuwa ndani ya mashine. Windows ilikuwa imewekwa kukuza kila kitu kwa asilimia 125. Programu mpya hujua kuchora herufi kubwa upya; za zamani hazijui, basi Windows huzichora ndogo na kuzivuta kama picha. Niliirudisha asilimia 100, nikatoka kwenye akaunti na kuingia tena, ikasafika. Nikazindua pia kirekebishi cha ClearType, ile mbinu ambayo Microsoft iliitangaza mwaka 1998, inayotumia vijipande vyekundu, kijani na buluu vya kila nukta kunyoosha kingo za herufi. Faida yake ilikuwa ndogo, lakini macho ya mama ndiyo yaliyochagua, si yangu.

Kuna ukungu usio na dawa, na ni haki kuusema. Jirani yake anachapa kwa kutumia televisheni ya inchi 32 yenye nukta 1366 × 768, yaani nukta 49 tu kwa kila inchi. Skrini ya mama, inchi 24, ina karibu 92. Hakuna mpangilio utakaoziba pengo hilo. Asogeze kiti nyuma tu. Hata hivyo televisheni zina ugonjwa mwingine unaotibika: nyingi hutanua picha na kukata kingo, tabia iliyorithiwa kutoka zile zenye mgongo, na hupunguza habari za rangi kwa sababu kwenye sinema jicho haligundui. Kwenye herufi nyekundu juu ya buluu, jicho hugundua. Tafuta kwenye menyu hali inayoonyesha nukta kwa nukta, na ikiwa mlango wa HDMI unaweza kupewa jina, uite PC. Kwenye televisheni kadhaa jina hilo pekee hubadilisha jinsi picha inavyoshughulikiwa.

Skrini ya Mulongwe haikurudishwa dukani. Nawe, kabla hujailipia pikipiki kuivusha yako mpakani Gatumba ukagombane na muuzaji, fungua ule ukurasa wa mwisho wa menyu yake usome imepokea nukta ngapi.