Nyumba ya Mchungaji wa Dexter: Jinsi Ilivyohimili Bomu na Jinsi Ilivyohifadhiwa

Nyumba namba 309 ya Mtaa wa South Jackson, Montgomery, Alabama, ilijengwa mwaka 1912 kwa umbo la bangalo: haina ghorofa, kuta zake ni za mbao zilizopakwa rangi nyeupe, na mbele ina baraza. Kanisa la Kibaptisti la Dexter Avenue, la Wamarekani Weusi, liliinunua mwaka 1919 iwe makazi ya wachungaji wake. Vernon Johns aliishi humo, na Martin Luther King Jr. akahamia na mkewe, Coretta, mwaka 1954.

Vyumba vyake vinafuatana kuelekea uani. Baraza linatangulia, kisha sebule, na jiko liko nyuma. Usiku wa tarehe 30 Januari 1956, mgomo wa Weusi wa Montgomery wa kususia mabasi kwa kupinga ubaguzi ukiwa katika mwezi wake wa pili, mpangilio huo uliokoa maisha. King alikuwa mkutanoni. Coretta alikuwa sebuleni na muumini mmoja wa kanisa, mtoto wao Yolanda amelala chumba cha nyuma. Kishindo kiliposikika barazani, wanawake hao hawakwenda kuchungulia dirishani, walikimbilia ndani. Baruti ikalipuka, ikachimba sakafu ya baraza na kumwaga vioo sebuleni. Hakuna aliyeumia. Sifa kubwa ni yao, kwa kuwa wangebaki sebuleni, umbo la nyumba lisingewafaa kitu.

Muda mfupi baadaye umati wenye hasira, baadhi yao wakiwa na silaha, ulijaa mbele ya nyumba. King alisimama kwenye baraza lilelile akawasihi warudi makwao kwa amani, nao wakatawanyika. Nyumba ikawekewa taa kali na walinzi. Hata hivyo, Januari 1957 baruti nyingine iliachwa barazani. Safari hii haikulipuka.

Wachungaji waliendelea kuishi humo hadi 1992, na mwaka 2003 nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho. Waliokarabati walirudisha vyumba katika hali ya miaka ya King, na samani nyingi ni zilezile zilizotumiwa na familia yake. Alama ya mlipuko barazani haikuzibwa, na uamuzi huo ulikuwa sahihi: baraza lililofanywa jipya lingefuta ushahidi ambao hakuna kibao cha maelezo kingeweza kuurudisha. Jiko nalo lilipewa uzito uleule, kwa kuwa ndimo King alimoketi peke yake akiomba usiku wa manane, siku chache kabla ya bomu, baada ya kutishiwa kwa simu.