"Mimea ya kudumu": neno moja, maana mbili



Kila nikisoma tafsiri za mambo ya kilimo nakutana na "mimea ya kudumu", kana kwamba maana yake haina utata. Mmea ukiishi zaidi ya miaka miwili, basi, ni wa kudumu, na mfasiri anasonga mbele. Mimi nasema tusimame hapa kidogo.

Tuanze na asili. "Mmea" ni wetu, umetokana na kumea. "Kudumu" tumelitoa kwenye Kiarabu, daama, yaduumu, shina lile lile lililotuletea "daima". Mwenzake "msimu" nalo ni mawsim ya Kiarabu, ila tumelivisha nguo ya Kibantu hadi likapata wingi: misimu. Lakini Waarabu wenyewe hawasemi hivyo! Mmea wa miaka mingi kwao ni mu'ammir, shina moja na "umri" wetu. Wa mwaka mmoja ni hawli, kutokana na hawl, yaani mwaka. Shina la daama wameliweka kwenye miti isiyopukutisha majani, daimat al-khudhra. Kwa hiyo anayedai istilahi yetu ni nakala ya Kiarabu hajatazama vizuri. Neno tulilichukua, maana tukaitengeneza wenyewe, shambani.

Na shambani ndipo penye kiini cha mambo. Mkulima akisema zao la kudumu ana maana ya minazi, mikarafuu, mikorosho, mibuni: unapanda mara moja, unavuna miaka na miaka. Zao la msimu ni lile unalolipanda upya. Huu ni mgawanyo wa kazi, sio wa maumbile. Mhogo ukiachwa huishi miaka kadhaa, lakini kwa kuwa tunaung'oa, hakuna mkulima anayeuita zao la kudumu. Pamba vivyo hivyo. Na mgomba je? Ukishazaa mkungu mmoja shina hufa, ila machipukizi huendelea kutoka chini mwaka hata mwaka. Kwa botania huo ni mmea wa miaka mingi, na wala sio mti.

Msidhani huu ni ubishi wa maneno tu. Zanzibar kabla ya Mapinduzi ya 1964, aliyeruhusiwa kulima kwenye shamba la mwenye mikarafuu alipanda mihogo yake bila tabu, lakini sio minazi, kwa sababu mti unaodumu humpa aliyeupanda haki. Sasa mfasiri akiandika kwenye karatasi za fidia kwamba mhogo ni "mmea wa kudumu", eti kwa kuwa kitabu cha botania kinasema hivyo, amezua kesi ambayo haikuwepo.

Wapo watakaosema "kudumu" linatosha, msomaji ataelewa kwa muktadha. Wengi wetu huku ughaibuni tuna vibali vya makazi ya kudumu, na tunajua neno hilo likiandikwa na mwanasheria lina mipaka yake!

Pendekezo langu: "zao la kudumu" tuwaachie wakulima na wanasheria, kwani ni lao na wanalielewa. Kwenye botania tuandike "mmea wa miaka mingi" na "mmea wa mwaka mmoja". Ni marefu kidogo, lakini hayamdanganyi mtu. Mwenye hoja ya kupinga ailete, ila aanze kwa kunijibu: mhogo tuuweke wapi?